Balsa, msonobari au mpini wa ufagio: uchonge chambo chako kwa mti upi?

Kisu kikali, karatasi chache za msasa na jioni mbili za utulivu zinatosha kuchonga chambo cha mbao kinachochezacheza majini kama dagaa aliyejeruhiwa. Hapo hapana ubishi. Ubishi huanza pale mchongaji mgeni anapouliza achonge mti gani. Mmoja atamwambia balsa, kwa kuwa ni nyepesi. Mwingine atamwambia aokote kipande cha msonobari penye mabaki ya seremala. Wa tatu atamwonyesha mpini wa ufagio uliovunjika na kumwambia nusu ya kazi imekwisha.

Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja ana chambo chake kichwani.

Nimechonga kwa miti yote mitatu, na jambo moja limenikaa: kwa mwenye fedha kidogo, bei ya mti si ya kuangaliwa kwanza. Kipande kinachotosha chambo kimoja ni kidogo mno, na mara nyingi hupatikana bure. Fedha huenda kwenye vile utakavyodaiwa na mti huo ukishauchonga: waya, uzito, gundi, tabaka za kuzuia maji. Upo mti wa bure unaodai vichache, na upo mti wa kununua unaodai vingi. Ndiyo maana hapa chini nimeuangalia kila mmoja kwa unachotoa na kwa unachodai.

## Vigezo nilivyotumia

Kwanza, upatikanaji na uchongaji: je, unaupata mti kwa urahisi, na zana zako za nyumbani zinauweza? Pili, kuelea na mwendo: una nafasi kiasi gani ya kuongeza uzito, na chambo kitachezaje kikivutwa? Tatu, uimara: kitavumilia mawe, meno na ndoana zake chenyewe kwa muda gani? Nne, madai: ni vitu gani vya ziada ambavyo huwezi kuvikwepa? Mwisho, nani hasa anafaidika nao.

Kigezo cha kuelea kinahitaji hesabu kidogo, na ni vizuri tuifanye mara moja tu hapa ili tusiirudie.

Chukua chambo cha urefu wa sentimita 9, unene wa sentimita 2 katikati, kilichochongoka kichwani na mkiani. Ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 18, yaani kikizama chote kinasukuma gramu 18 za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kikiwa na uzito chini ya hapo kitaelea; kikipita, kitazama. Sasa tuseme ndoana mbili za ncha tatu, pete na waya vina jumla ya gramu 4, na rangi na vanishi ni gramu 1.

Balsa ya kawaida ina uzito wa kilo 160 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mwili wake utakuwa na gramu 3. Ukijumlisha vingine unapata gramu 8. Umebakiwa na nafasi ya gramu 10 za kuongeza.

Msonobari mkavu, tuseme wa kilo 450 kwa mita ya ujazo, utakupa mwili wa gramu 8. Jumla ni 13, na nafasi iliyobaki ni gramu 5.

Mti mgumu wa kilo 700 kwa mita ya ujazo, kama ile ya mipini mizito, utakupa mwili wa karibu gramu 12 na nusu. Ukiweka ndoana na rangi umefika 17 na nusu, na kilichobaki hakifiki hata gramu moja.

Nambari zako zitatofautiana kidogo na hizi, kwa kuwa hakuna vipande viwili vya mti vilivyo sawa, na maji ya bahari huinua zaidi kidogo kuliko maji baridi. Lakini tofauti kati ya 10, 5 na chini ya 1 ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata.

## Balsa

Upatikanaji na uchongaji. Kati ya miti hii mitatu, huu ndio ambao kwa kawaida lazima uununue. Huuzwa kwa vibao vyembamba kwa watu wanaounda ndege za mfano na majengo ya maonyesho. Ukiukuta, uchongaji wake ni raha tupu: wembe wa kawaida unatosha, na msasa unaula haraka hadi unapaswa kujizuia. Hapo ndipo penye hatari yake pia. Kisu butu hakikati balsa, kinaibonyeza na kuichana, na mshiko mkali wa kidole huacha alama. Vibao vyembamba vinaweza kugundishwa viwili pamoja, jambo ambalo kwa kweli ni faida, nitalieleza muda si mrefu.

Kuelea na mwendo. Hapa hakuna unaoifikia. Mwendo wa chambo chenye mdomo, yaani kibapa kidogo kinachochomoza chini ya kichwa, hutokana na ubishani: maji hugonga mdomo na kukisukuma kichwa upande mmoja, mwili unaoelea juu na uzito ulio chini hukirudisha, kisha kinasukumwa upande wa pili. Mwili mwepesi hujibu upesi. Chambo cha balsa huanza kutikisika hata ukizungusha roli ya mshipi polepole mno, na ukiacha kuvuta hupanda juu haraka, kitu kinachokuokoa penye matawi na mawe. Zile gramu 10 za nafasi zinakupa uhuru wa kuweka uzito wa kutosha tumboni na bado kielee.

Kasoro ya upepesi ni kwenye kurusha. Chambo cha gramu 8 dhidi ya upepo hakifiki mbali, na wakati mwingine hugeukageuka hewani hadi ndoana zikamate mshipi. Ukikiongezea uzito hadi gramu 13 au 14 kinaruka vizuri zaidi, lakini umekipunguzia ule wepesi wa kujibu.

Wengi hudhani vyambo vyepesi vya namna hii vilianzia viwandani. Mwaka 1936 mvuvi wa Ufini, Lauri Rapala, alichonga chambo chake cha kwanza kwa kisu cha fundi viatu, akitumia gome jepesi la koki, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Akakifunika kwa karatasi ya bati iliyofungiwa chokoleti, kisha akakipaka filamu za picha zilizoyeyushwa ili kisiingie maji. Namtaja kwa sababu moja: ukiangalia alivyotumia, mwili wenyewe ni sehemu moja tu. Vingine vyote ni vya kuulinda.

Uimara. Bila ulinzi, balsa ni dhaifu. Meno hupenya, mwamba huibonyeza, na ufa mdogo kwenye vanishi hunyonya maji kama sponji. Ikishavimba, rangi hupasuka zaidi, na mwendo hubadilika kwa sababu uzito umebadilika.

Madai yake. Hapa ndipo balsa inapokuwa ghali. Skrubu ya jicho, ile yenye pete kichwani ya kufungia ndoana, haikamati ndani yake. Samaki mmoja mzito ataing'oa na kuondoka nayo. Lazima utumie waya mzima unaopita kutoka puani hadi mkiani, wenye kitanzi kila inapofungwa ndoana, ili samaki avute waya na siyo mti. Waya wa chuma kisichoshika kutu wa unene wa milimita 0.8 hadi 1 unafaa. Kama umegundisha vibao viwili, unauweka waya katikati yao kabla ya kugundisha, ukiwa umeuchorea mfereji mwembamba. Hiyo ndiyo faida niliyoiahidi. Kama ni kipande kimoja, unapasua tumbo kwa msumeno mwembamba, unauingiza waya, kisha unajaza mpasuko kwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na vumbi la mbao.

Baada ya hapo mwili unahitaji kugandishwa. Supaglu nyembamba iliyoachwa inyonywe na mti huufanya uso uwe mgumu kiasi cha kushangaza, ila moshi wake unawasha macho na pua, kwa hiyo fanyia kazi hiyo nje. Kisha epoksi tabaka mbili. Ukijumlisha waya, supaglu na epoksi, utaona kwamba kibao kilichoonekana cha bei ya chini kimekuletea ndugu zake wote.

Inamfaa nani. Anayevua maji tulivu au mito midogo, samaki wenye wasiwasi, kwa fimbo laini na mshipi mwembamba. Pia anayefurahia kazi ya mikono yenye hatua nyingi.

## Msonobari na mwerezi

Upatikanaji na uchongaji. Mbao laini ndizo nyingi kuliko zote. Mabaki ya seremala, fremu ya picha iliyovunjika, makasha, na mbao za majukwaa ya kubebea mizigo, zile ambazo wengi huziita paleti. Kwa paleti angalia muhuri. Herufi HT zina maana kwamba mbao zilipashwa joto kuua wadudu, nazo hazina neno. Herufi MB zina maana zilifukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni sumu; ziache zilipo. Mbao zenye rangi ya kijani ya dawa ya kuzuia kuoza, nazo usizipige msasa.

Chagua kipande kikavu, chenye nyuzi zilizonyooka kwenda urefu wa chambo, kisicho na kifundo. Kifundo hugeuza kisu, na mfuko wa utomvu utaisukuma rangi nje siku chambo kitakapopata joto la jua. Kisu, tupa ya mbao na msasa namba 80, 150 na 240 vinamaliza kazi. Kutakuwa na nguvu za kutumia, lakini si za kuchosha.

Kitu kimoja cha thamani kubwa ambacho msonobari hukupa ni umbo la mraba mwanzoni. Tafadhali usikimbilie kuuzungusha. Ukiwa bado mraba, chora mstari wa katikati pande zote nne, toboa matundu ya skrubu na ya uzito, na ukate mfereji wa mdomo. Mdomo ulioinama upande mmoja hata kidogo utakifanya chambo kizunguke au kikimbilie kando, na hakuna rangi itakayokiponya. Nimewahi kutupa vyambo vitano vya mfululizo, vyote vizuri kwa macho, kwa sababu nilikata mfereji baada ya kuzungusha. Tangu siku hiyo msumeno hutangulia kisu.

Kuelea na mwendo. Gramu 5 za nafasi zinatosha kwa chambo cha mdomo kinachoelea, na pia kwa kile kinachosimama katikati ya maji ukiacha kuvuta. Kwa hicho cha pili, ongeza uzito kidogo kidogo hadi mgongo tu ubaki juu ya maji kabla ya rangi ya mwisho. Mwendo wake ni mpana na wa taratibu kidogo kuliko wa balsa. Wapo samaki wanaoupenda zaidi hivyo, hasa maji yakiwa na tope. Kwenye kurusha kinaishinda balsa bila shaka.

Uimara. Wa kati, ukielekea kuwa mzuri. Skrubu ya jicho yenye urefu wa milimita 15 hadi 20 ikiingizwa kwenye tundu lililotangulizwa na kuwekwa epoksi hushika vizuri kwa samaki wa kawaida. Kwa samaki wakubwa, rudi kwenye waya mzima. Mwerezi una sifa ya ziada: hauozi haraka hata maji yakiingia. Ndiyo maana vyambo vya mwerezi vya kukokotwa nyuma ya boti kwa ajili ya jodari vimedumu miaka mingi, na vingine huvuliwa vikiwa mti mtupu bila rangi yoyote. Tahadhari ni vumbi lake. Vumbi la mwerezi mwekundu linajulikana kwa kusababisha pumu kwa wanaolivuta kila mara, kwa hiyo vaa barakoa, au piga msasa wenye maji kidogo.

Madai yake. Machache. Skrubu za jicho, kipande kidogo cha uzito, vanishi. Kwa mti huu epoksi ni nyongeza nzuri lakini si lazima. Vanishi ya nje ya nyumba, chambo kikichovywa mara 4 au 5 na kuachwa kikauke siku nzima kati ya mchovyo na mchovyo, hudumu msimu.

Inamfaa nani. Karibu kila anayeanza, na anayetaka kujaribu maumbo mengi bila kuogopa kuharibu. Asiyefaa sana ni yule anayetaka chambo kidogo mno, cha sentimita 4 au 5. Kwenye udogo huo kila gramu inaonekana, na balsa hujibu vizuri zaidi.

## Mpini wa ufagio

Upatikanaji na uchongaji. Ni wa bure kabisa ukivunjika ufagio, na mpini mmoja wa mita moja na robo hutoa vyambo 10 au 12. Kwanza hakikisha ni wa mti mgumu kweli. Bonyeza kwa ukucha: usipoacha alama, ni mgumu. Ukiacha alama na mpini ni mwepesi mkononi, huo ni msonobari uliopakwa rangi, na yote niliyosema juu yanauhusu.

Uduara wake ni baraka na kikwazo kwa wakati mmoja. Ni baraka kwa sababu mwili wa chambo umeshazungushwa, na kwa kawaida una unene wa sentimita 2 hadi 2 na nusu, ambao ndio hasa unaotakiwa. Ni kikwazo kwa sababu hauna upande wa kuanzia kupimia. Njia yangu ni kuulaza mpini juu ya meza, kuweka kipande cha ubao bapa kando yake, kuegemeza penseli juu ya ubao huo na kuiburuta. Mstari unatoka umenyooka urefu wote. Bila mstari huo, matundu ya ndoana yatapishana.

Kisu cha mfukoni hapa kitakuumiza mkono. Anza kwa msumeno, kisha tupa ya mbao yenye meno makubwa, huku mpini mzima ukiwa umebanwa kwenye jiliwa au chini ya goti. Chonga chambo kikiwa bado kimeungana na mpini, ukikate mwishoni. Utapata mahali pa kushikia. Wenye drili wanaweza kukibana kipande kwenye drili yenyewe na kukikereza kwa msasa kinapozunguka, kazi ya dakika kumi.

Kuelea na mwendo. Ile chini ya gramu moja ya nafasi inasema wazi: usijaribu kuugeuza mti huu uwe kitu usichotaka kuwa. Chambo cha mdomo cha mti mgumu huwa kizito kujibu, na kwenye mwendo wa polepole hukaa kimya kama kijiti. Lakini mti huu unang'aa katika aina mbili. Ya kwanza ni chambo cha juu ya maji chenye uso uliokatwa na kuchimbwa kidogo kama kijiko, ambacho ukikivuta kwa mshtuko hutema maji na kutoa sauti ya mbubujiko. Ya pili ni kijiti kilichochongoka kisicho na mdomo, kinachozama taratibu na kuyumba kushoto na kulia kwa kazi ya mkono wako. Kwa vya juu ya maji tumia ndoana nyepesi, au ongeza unene wa mwili ili kielee kwa uhakika.

Kurusha? Hakuna kinachokifikia. Uzito umesambaa mwili mzima, kinaruka kimenyooka hata upepo ukiwa usoni.

Uimara. Mkubwa mno. Meno huacha mikwaruzo ya rangi tu. Skrubu ya jicho ikishaingia haitoki. Ila tundu la kutangulizia ni lazima liwe karibu na unene wa kiini cha skrubu, ipakwe nta au sabuni, na izungushwe kwa subira, maana mti mgumu hupasuka au huikata skrubu ndani. Skrubu iliyokatika ndani ya chambo kilichomalizika inauma moyo.

Madai yake. Madogo kuliko ya wote kwa fedha: hakuna waya mzima, mara nyingi hakuna uzito wa kuongeza, na tabaka 3 za vanishi zinatosha. Madai yake ni ya nguvu za mkono na zana ngumu zaidi.

Inamfaa nani. Anayevua juu ya maji au kutoka ufukweni anakohitaji umbali, kwa samaki wenye meno makali, na anayepoteza vyambo vingi miambani. Kukipoteza hakuumizi, isipokuwa kwa zile ndoana.

## Vile ambavyo miti yote inavitaka

Ndoana ndizo gharama kubwa kuliko zote, na hazitegemei mti. Zitoe kwenye vyambo vya zamani vilivyovunjika, zinoe kwa tupa ndogo, utazame ncha kama inakwaruza ukucha. Usikubali ndoana dhaifu inayonyooka kwa kuvutwa na koleo. Kama kuna mahali pamoja pa kuweka fedha chache ulizo nazo, ni hapo. Zina faida moja zaidi: hutoka chambo kimoja na kuhamia kingine, kwa kuwa zinafungwa kwa pete ndogo za mfano wa zile za funguo.

Mdomo wa kuzamisha hauhitaji kununuliwa. Diski ya CD iliyoharibika ni plastiki ya polikaboneti yenye unene wa milimita 1.2, ngumu na ya kudumu. Bandika utepe wa gundi juu ya upande wenye maandishi uliokwaruzwa, vuta, na utando wa fedha unatoka. Ipashe kwenye maji ya moto kabla ya kuikata kwa mkasi ili isipasuke, kisha laini kingo kwa msasa. Mdomo ukielekea chini kwa wima, chambo hukaa karibu na uso wa maji na kutikisika kwa upana. Ukilala kuelekea mbele na kuwa mrefu, kinazama zaidi.

Uzito wa kawaida ni risasi, ambayo ina uzito mara 11 na zaidi ya maji, kwa hiyo chembe ndogo inatosha. Lakini ni sumu. Usiiyeyushe ndani ya nyumba, nawa mikono baada ya kuishika, na uifunike kabisa kwa epoksi ndani ya tundu. Uingereza ilizuia uuzaji wa risasi nyingi za kuvulia mwaka 1987 kwa sababu bata maji walikuwa wakizimeza na kufa, na mahali pengine kuna sheria zake. Mipira midogo ya chuma kutoka kwenye bearingi chakavu, au vipande vya msumari, hufanya kazi hiyo kwa nafasi kubwa kidogo. Kwa balsa na msonobari nafasi hiyo ipo.

Kabla ya kupaka rangi, jaribu chambo ndani ya ndoo. Funga ndoana, bandika uzito chini ya tumbo kwa utepe usioingia maji, na usogeze mbele na nyuma hadi kikae unavyotaka. Hapo ndipo utoboe tundu la uzito. Hatua hii haigharimu hata senti na ndiyo inayorukwa zaidi.

Kuhusu kumalizia, vanishi ni nafuu na inasamehe makosa, ila inachukua siku. Epoksi inachukua usiku mmoja na inalinda zaidi, lakini lazima chambo kizungushwe polepole hadi igande, la sivyo inachuruzika na kuacha tone tumboni. Vaa glavu, ngozi ikishaanza kuikataa epoksi haisahau. Kwa magamba, zungushia mwili wavu wa mfuko wa matunda na upulize rangi juu yake. Karatasi ya aluminiamu iliyokandamizwa juu ya tupa hutoa mng'ao wa samaki bila rangi kabisa.

## Kwa hali yako

Kama hujawahi kuchonga kitu na una kisu na zana chache tu za nyumbani, anza na msonobari, chambo cha sentimita 9 chenye mdomo. Ukikosea, kuna kipande kingine palepale.

Kama huna fedha kabisa ila una msumeno, tupa na ufagio uliovunjika, chonga vya juu ya maji kwa mti mgumu na uazime ndoana kwenye chambo cha zamani.

Kama maji yako ni meupe na samaki wanakuja, wanatazama, wanaondoka, balsa inastahili gharama zake. Chonga vitatu kwa mkupuo mmoja, kwa sababu epoksi ukishaichanganya haisubiri.

Kama unavua kutoka kwenye miamba yenye mawimbi, acha balsa nyumbani. Mpini utakufikisha mbali, na mwerezi utakaa majini bila kuoza.

Kama unachonga pamoja na mtoto, msonobari ni salama zaidi: balsa inataka wembe, mpini unataka nguvu. Mwachie apige msasa na achore macho, wewe ushike kisu na gundi.

Na kama tayari una mti mmoja nyumbani na huna mpango wa kutafuta mwingine, bonyeza kwa ukucha, upime mkononi, halafu chonga aina ya chambo inayoendana nao. Kipande kizito kipeleke juu ya maji au kiache kizame. Kipande chepesi kipe mdomo, waya na tabaka ya ziada.